Maji ya Mvua ya Rumonge na Ziwa Linaloyapokea

Mvua kubwa inapopiga mjini, kila mwenye nyumba hujiuliza jambo moja: maji haya yataondoka lini mlangoni? Ni swali la haki, kwani maji yakituama huingia ndani, huozesha mikeka na magodoro, na huzaa mbu. Lakini kuna swali la pili ambalo huulizwa kwa nadra: maji hayo yakiisha kuondoka mlangoni huenda wapi, na huwa yamebeba nini? Katika mji ulio mbali na ziwa au bahari swali hilo laweza kukaa miaka mingi bila kujibiwa. Katika mji wa Rumonge haliwezi kukaa, kwa sababu jibu lake li wazi mbele ya macho ya kila mtu. Maji ya mvua ya Rumonge huishia katika Ziwa Tanganyika, na alfajiri ya siku ya pili, katika ufuko uo huo, wako watu wanaoshuka na ndoo na madumu kuchota maji ya kunywa.

Kwa hiyo kuitazama mitaro ya Rumonge ni kuitazama afya ya mji mzima. Mtaro waweza kusifiwa kwa kukausha barabara kwa dakika chache, na wakati huo huo ukawa ndio njia ya mkato ya kupeleka uchafu wa soko na wa vyoo mpaka katika kikombe cha mtoto. Kipimo cha mtaro hakina budi kuwekwa mwisho wake, pale unapokutana na ziwa. Huko ndiko wakaguzi wengi hawafiki.

Rumonge uko kilometa zipatazo 75 kusini ya Bujumbura, katika ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo, baina ya milima na maji. Ni mji wa wavuvi, wa wachuuzi wa ndagala na mukeke, na wa wakulima wa michikichi, na Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mwaloni kama ilivyo Ujiji, Kigoma na Uvira. Tangu mwaka 2015 ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 umeingizwa katika Mkoa wa Burunga. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini mipaka ya maji imebaki pale pale: mashariki milima, magharibi ziwa, na katikati barabara kuu namba 3 itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac na mpakani mwa Tanzania.

Umbo hilo la nchi ndilo chanzo cha mambo yote. Ziwa liko kwenye kimo cha meta zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari. Milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile inapanda kupita meta 2,000, na kilele cha Heha, upande wa Bujumbura, kinazidi meta 2,600. Kushuka kote huko kunafanyika katika umbali wa makumi machache tu ya kilometa. Maji ya mvua, kama ya mito Dama na Murembwe, hutelemka kwa kasi kubwa, na maji yenye kasi hubeba udongo, changarawe na hata mawe. Yanapofika tambarare kasi hupungua ghafla, na mzigo huo hutuliwa chini. Tambarare yenyewe imejengwa hivyo, kwa udongo ulioshushwa na maji miaka maelfu na maelfu. Tofauti ni kwamba leo juu ya tambarare hiyo kuna nyumba, na udongo unaoshuka hutuliwa ndani ya mitaro na makalvati.

Ndiyo maana mtaro wa Rumonge huziba hata kama hakuna mtu aliyetupa taka ndani yake. Kilima kilichofyekwa na kulimwa mpaka kileleni bila makinga maji huteremsha udongo wake kila mvua inaponyesha. Mfanyakazi anayezibua kalvati Jumamosi asubuhi, katika kazi za pamoja ambazo wananchi wa Burundi wamezizoea, anapambana na shamba lililo kilometa nyingi juu yake. Na hapa yafaa kusema neno moja juu ya kazi hizo zenye sifa njema. Mara nyingi tope linalochotwa mtaroni hurundikwa kando ya mtaro huo huo. Mvua ya Jumapili hulirudisha ndani, na Jumamosi inayofuata watu wale wale, kwa majembe yale yale, hulichota upya. Jasho la wananchi linastahili gari la kulisomba tope hilo.

Pamoja na udongo zimo taka za mji: maganda, makaa, majani ya sokoni, chupa na mifuko ya plastiki. Serikali ya Burundi ilitoa amri mwaka 2018 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ikatoa muda wa miezi 18 kwa wenye viwanda na maduka kujirekebisha. Ilikuwa amri ya maana kwa mji wenye mitaro, kwa kuwa mfuko mmoja ulionasa kwenye mdomo wa kalvati hukusanya majani, na majani hukusanya mchanga, mpaka njia yote ikafungwa. Yapo pia maji machafu ya kukamulia mawese. Kwa macho hayatishi, maana yametokana na tunda linaloliwa. Lakini yakimwagwa kijitoni huoza na kula hewa iliyomo majini, na samaki wadogo hukosa pumzi.

Hayo yote ni mambo ya upande wa juu. Upande wa chini uko ziwa lenyewe, nalo ndilo ambalo mahesabu mengi ya mitaro hulisahau.

Mtaro hauna mashine ya kusukuma maji. Nguvu yake ni mteremko tu. Chukua mfano wa mtaro unaoshuka nusu meta katika kila meta 100. Ziwa likipanda meta 1, basi meta 200 za mwisho za mtaro huo huwa hazina mteremko tena. Zimekuwa ghuba ndogo ya ziwa ndani ya mji. Maji ya mvua yakifika hapo husimama, hutua tope lake, na kupanda kandokando kuingia majumbani. Mwenye nyumba huona mtaro umejaa, akasema mtaro ni mdogo, akaomba upanuliwe. Kumbe hata ukipanuliwa mara mbili maji hayatakwenda, kwa kuwa hayana pa kwenda.

Na Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kuliko wengi wanavyodhani. Lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, unaotoka karibu na Kalemie kuelekea mto Kongo. Lakini Lukuga hutoa sehemu ndogo sana. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yanayopotea ziwani hupotea kwa kufyonzwa na jua na upepo. Kwa sababu hiyo miaka michache ya mvua nyingi hutosha kulipandisha ziwa. Msafiri Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 alikuta mdomo wa mto umezibwa na matete na tope, na ziwa likiendelea kupanda. Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, kizuizi hicho kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa meta zipatazo kumi. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, wakati Burundi na jirani zake walipokuwa wakipata uhuru, zilirudisha maji juu mpaka kufikia kilele mwaka 1964. Baadaye yakashuka tena, na katikati ya miaka ya 2000 ufuko ulikuwa mpana. Watu walijenga, walilima na kuweka biashara katika ardhi ambayo wazee wao waliwahi kuiona imefunikwa.

Halafu ziwa likarudi. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda mpaka kukaribia kiwango cha mwaka 1964, likaingia katika mitaa ya ufukweni ya Rumonge, Kanyenkoko ukiwa mmoja wao, na kufunika nyumba na sehemu za mwalo. Mwaka 2024 hali ilijirudia, safari hii mvua zikiwa zimezidishwa na El Niño. Mwezi Aprili mwaka huo Serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada, zikieleza kwamba tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua, mafuriko na maporomoko nchini.

Kila mwaka, hata usio na balaa, ziwa hufikia kimo chake cha juu mwishoni mwa msimu wa mvua, yaani mwezi Aprili na Mei. Maana yake ni kwamba mvua nzito za Aprili huikuta midomo ya mitaro tayari imezama. Ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo ambayo mtaro unapaswa kupimwa kwayo.

Ziwa linapopanda, maji yaliyomo chini ya ardhi nayo hupanda. Shimo la choo lililochimbwa wakati wa ukame, likaonekana liko mbali na maji, hukuta maji yamelifuata. Kilichokuwa chini huelea, hutoka na kuingia mtaroni, na mtaro, kama ilivyokwisha kuelezwa, umekuwa sehemu ya ziwa. Hapo hakuna tena mpaka baina ya choo na kisima.

Rumonge umekwisha kulipa gharama ya jambo hilo. Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi katika mwambao huu. Mlipuko wa mwaka 1992 uliupiga mji wa Rumonge kuliko miji mingine. Watafiti waliulinganisha mwenendo wa watu waliougua na wa wale ambao hawakuugua: wamekula nini, wamekunywa nini, wameoga wapi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalikuwa ya kueleweka na mtu yeyote. Hakuna chakula kilichopatikana na hatia. Waliokunywa maji ya ziwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na waliooga ziwani nao vilevile walikuwa katika hatari. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana katika maji ya ziwa wakati wa mlipuko. Mlipuko ulipokwisha havikupatikana tena.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa kwa makini. Kama vijidudu havikuonekana baada ya mlipuko, basi katika ugonjwa ule ziwa na watu walikuwa wakiambukizana: mgonjwa alichafua maji, na maji yakamwambukiza mwenziwe. Kati ya mgonjwa na ziwa kuna njia, na wakati wa mvua njia fupi kupita zote ni mtaro. Ng'ambo ya ziwa, mjini Uvira, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha upande wa pili wa habari hiyo: siku ambazo maji ya bomba yalikatika, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka katika siku zilizofuata. Watu wa Uvira hawakuwa wajinga wa afya. Bomba lilipokauka walikwenda ziwani kwa sababu ziwa ndilo lililokuwa karibu. Wa Rumonge hufanya hivyo hivyo, na mwaka 2023 Burundi ilitangaza tena mlipuko wa kipindupindu.

Wako wasemao kwamba Ziwa Tanganyika ni kubwa mno kuweza kuchafuliwa na mji mdogo. Hoja hiyo husikika mwaloni na hata katika ofisi. Ni kweli kwamba ziwa lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha meta 1,470, na kwamba limebeba takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. Lakini hakuna mtu achotaye maji katika kina cha meta 1,470. Watu huchota magotini. Maji ya ufukweni hayachanganyiki upesi na ya katikati, na kilichomwagwa na mtaro hubaki kwanza hapo hapo, penye ndoo na penye waogaji. Tena maji ya chini sana ya ziwa hili hayapandi juu kwa kawaida, wala hayana hewa. Kuanzia kina cha meta 100 hadi 200 kwenda chini samaki hawawezi kuishi. Uhai wa ziwa, pamoja na mazalio ya samaki wake wengi ambao hawapatikani pengine popote duniani, umo katika tabaka la juu na hasa katika miamba na mchanga wa ufukweni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha fuko za nchi iliyokatwa misitu na kulimwa sana, kama zile za kaskazini mwa ziwa upande wa Burundi, na fuko za nchi iliyobaki na miti. Penye udongo mwingi ulioshushwa na maji, aina za viumbe zilikuwa chache. Ukubwa wa ziwa haukuwasaidia.

Sheria haikosekani. Sheria ya maji ya Burundi ya tarehe 26 Machi 2012 iliweka ukanda wa meta 150 kutoka Ziwa Tanganyika usiojengwa. Nia yake ni njema, na kama ingefuatwa hasara ya mwaka 2021 na 2024 ingalikuwa ndogo. Hata hivyo ufuko wa ziwa hili hutembea. Meta 150 zilizopimwa wakati maji yamejitenga zaweza kuwa ndani ya ziwa miaka kumi na mitano baadaye. Alama ya kudumu ingepatikana kwa kufuata kimo cha maji ya mwaka 1964 na ya mwaka 2024, ambacho wazee na vijana wa Rumonge wanaweza kukionyesha kwa kidole ukutani. Na wanaoondolewa katika ukanda huo wapewe mahali pa kwenda panapofikika kwa miguu kutoka mwaloni. Mvuvi aliyepelekwa mlimani hurudi usiku na kujenga kibanda kingine.

Bujumbura unatoa fundisho la upande wa milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua ya saa chache tu ilishusha maji na tope kutoka vilimani mpaka katika mitaa ya kaskazini ya mji, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, kilima kiliporomoka huko Gitaza, katika barabara ya kwenda Rumonge, na maelfu ya watu wakahama. Katika mambo yote mawili hitilafu ilianza juu, mahali ambapo mhandisi wa mitaro ya mji hana mamlaka.

Hapo ndipo penye ugumu wa Rumonge. Mtaro wa kando ya barabara kuu ni wa idara ya barabara. Wa mtaani ni wa tarafa. Kilima ni cha wakulima na idara ya mazingira. Bomba ni la REGIDESO. Na ziwa ni la nchi nne, ambazo zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na ambazo Mamlaka yao ya pamoja ina makao yake Bujumbura. Tone moja la mvua hupita katika mikono hiyo yote kwa muda usiozidi saa moja. Barabara ikijengwa upya, kama ile ya kilometa 45 kati ya Rumonge na Gitaza iliyoidhinishiwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, makalvati yake humwaga maji mengi kwa nguvu sehemu moja. Kama tarafa haikuandaa mtaro wa kuyapokea upande wa chini, barabara itabaki salama na mtaa utazama.

Tathmini ya mitaro ya Rumonge, basi, haina budi kuanza vilimani na kwenda kwa miguu mpaka majini, tena wakati wa mvua. Kila kalvati liandikwe upana wake, kiasi cha tope lililomo na jina la ofisi inayolihudumia. Pale mteremko unapokwisha pachimbwe mabwawa ya kutulizia mchanga, yenye njia ya gari la kuusomba, kwa kuwa bwawa lisilosombwa hujaa katika msimu mmoja. Mdomo wa kila mtaro upimwe kimo chake dhidi ya kimo cha ziwa, na usiwekwe karibu na mahali watu wanapochota. Mabomba ya umma yawekwe ufukweni kwanza, kabla ya katikati ya mji, kwani mtaro wa saruji huchukua miaka kujengwa, na kipindupindu hakingoji zabuni.

Wakati wa kazi hiyo ni Aprili. Wapimaji wanaotumwa mwezi Julai hukuta mitaro mikavu na ziwa limeanza kushuka. Hupita viatu vikiwa safi, na taarifa yao husema kwamba maji yanapita vizuri.